Jua Lenu, Baridi Yangu

Jirani alivaa sweta mwezi wa Januari. Naanza hapo kwa sababu kila aliyemjua alianza hapo. Januari ya huku si ya mchezo: mabati yanatoa milio, mbwa wanatafuta kivuli chini ya tangi, na watu wa ploti wanakaa nje mpaka vyumba vipoe. Yeye alitoka mlangoni na sweta yake ya kijani, vifungo vyote vimefungwa hadi shingoni, leso mabegani, akaenda kuegemea ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa. Ukimwambia, "Jirani, na joto lote hili?" alikujibu bila kufungua macho, "Jua ni lenu, baridi ni yangu." Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, maana alilisema vizuri.

Ploti yenyewe iko Mugutha, upande wa Ruiru. Ni safu mbili za vyumba vinavyotazamana, mfereji mmoja wa maji ya bomba katikati, na kamba za nguo ambazo zimeleta ugomvi mwingi kuliko siasa. Chumba cha mbele kinachoangalia barabara ndicho salon yangu. Mimi na mama yangu, ambaye nitamwita Maitu kama ninavyomwita nyumbani, tuliishi katika chumba cha nyuma yake. Jirani na mumewe walikaa mlango unaofuata. Walikuwa wametoka magharibi kutafuta kazi kwenye viwanda vya Thika, kama nusu ya ploti. Mambo ya ukoo wake siyajui na sitajifanya nayajua.

Kwetu mwanamke akishazaa huitwa kwa jina la mtoto. Kwa miezi michache aliitwa Mama Nekesa. Mtoto alipoondoka, jina likaondoka naye, na watu wakaanza kumwita Mama Sweta, hata mbele yake. Mimi nilimwita Jirani. Yeye aliniita Mama Salon, ingawa siku hizo sikuwa na mtoto wala mume, nilikuwa na draya moja tu na kiti kinachoyumba.

Kwa nini mtoto aliondoka? Hapo lazima nieleze njahi, la sivyo hutanielewa. Njahi ni yale maharagwe meusi yenye mstari mweupe mgongoni, na kwetu Wakikuyu ni chakula cha mzazi. Mwanamke akitoka kujifungua anapondewa njahi na ndizi na viazi ili maziwa yatoke. Hakuna anayeuliza kama ni kweli. Ni jambo la kawaida kama kuchemsha maji ya kuoga mtoto.

Jirani alijifungua akiwa mbali na watu wake, kwa hiyo wanawake wa ploti walimchukua kama wao, Maitu akiwa mbele. Alirudi kutoka kliniki moja ndogo akiwa mweupe midomoni. Alikuwa ametoka damu nyingi hadi akazimia, wakamtundikia drip, akazinduka, wakamwambia ni mambo ya uzazi na kumruhusu aende. Nilimshika mkono akishuka kwenye gari, ukawa baridi kama chupa iliyotoka kwenye friji. Maitu akasema ni uchovu, atakula arudi sawa. Basi njahi zikaanza. Asubuhi chupa ya uji wa wimbi, mchana njahi, jioni supu ya mifupa kisha njahi tena. Walikaa kitandani kwake wakimtazama akimeza, na sahani ikiisha walishangilia.

Maziwa hayakutoka. Walimkanda kwa taulo ya moto, wakambadilishia uji, wakaongeza njahi. Matiti yake hayakujaa hata siku moja. Mtoto alinyonya, akaachia, akalia, na Jirani alimtazama kwa uso wa mtu aliyeamshwa ghafla. Kisha wanawake wakaanza kutazamana.

Hapa ndipo lilipofanyika kosa ambalo nadhani ni akina mama wa kwetu tu wangelifanya. Watu wengine wangesema huenda huyu ni mgonjwa. Wetu walikuwa na imani na njahi. Nyanya zao walikula, mama zao walikula, wao wenyewe walikula, na maziwa yalitoka. Kama chakula hakina makosa, basi makosa ni ya anayekila. Maitu alilitamka mfereji ukiwa umejaa watu, ndoo yake ikifurika:

"Mtu akule njahi sufuria mzima na maziwa ikose kutoka? Huyo ameifunga mwenyewe. Hataki matiti yake ilale."

"Haiya, kumbe?" mmoja akasema.

"Kwani wewe uliona wapi njahi ikishindwa?"

Neno hilo halikuhitaji kusukumwa. Lilifika kwa mumewe, likapanda basi hadi magharibi, na mama mkwe aliposhuka hapa Ruiru alikuwa tayari amelisikia. Yule mama, ambaye wajukuu wake humwita Kukhu, hakuwa mtu mbaya. Alimkuta mtoto amekonda na mama yake amelala, akaamua mtoto ataenda kwao kulelewa kwa maziwa ya ng'ombe. Jirani alimfunga Nekesa kwa shali, akamsindikiza hadi geti, akasimama mpaka walipokata kona. Halafu akarudi chumbani, akajilaza na kulala hadi jioni.

Usingizi huo haukusamehewa. Watu walisahau damu, wakasahau midomo myeupe, lakini usingizi ule waliusimulia miaka na miaka. Mtoto anaenda, na yeye analala! Hadi leo nikiukumbuka msemo huo nakasirika, na sijui nimkasirikie nani, maana waliomsema ndio waliompikia.

Alilala kweli, sitaficha. Alilala kanisani mahubiri yakiwa yamepamba moto. Alilala kwenye kiti changu nikimsuka, kichwa kikinishukia mkononi. Siku moja alilala akiwa amesimama kwenye foleni ya mfereji, na ndoo yake ikapitwa na ndoo nyingine tatu. Alipozinduka alipigania nafasi yake kwa ukali ambao sikujua anao. Mwanamke yule mpole, ambaye sauti yake ilikuwa imeshuka na kukwaruza hadi kwenye simu walimwita "Baba", alisimama mbele ya ndoo ya watu na kusema, "Nimelala, sijakufa." Akarudishiwa nafasi.

Halafu ndiye huyo huyo ambaye hakuwahi kuchelewa kazini. Alfajiri ya Julai, ukungu umefunika Mugutha hadi huoni geti, ungesikia mlango wake ukifunguliwa. Kwanza alikaa kitandani akilamba kijiko cha glukosi, kwa sababu bila hicho miguu ilimgoma, kisha akaondoka. Alifanya kazi katika kiwanda cha nguo kule Eneo la Viwanda, Thika, kwenye sehemu ya kupiga pasi kwa mvuke. Sehemu hiyo watu huikimbia. Wanawake hutoka humo nguo zimewashika mwilini, wengine huomba kuhamishwa baada ya wiki moja. Jirani aliomba kupelekwa huko. Msimamizi wake alimpenda sana na kumtoa kama mfano kwa wengine: tazameni huyu, hata jasho hatoi. Hakuna aliyejiuliza ni mtu gani anasimama katikati ya mvuke mchana kutwa asitoe hata tone moja. Yeye aliniambia, "Pale ndiyo mahali pekee mimi huwa niko sawa, Mama Salon. Napata joto mpaka kwa mfupa."

Kwa hiyo alikuwa mvivu nyumbani na mfano wa bidii kazini, kwa mwili ule ule.

Mimi kazi yangu ni nywele, na huko ndiko nilikoona mengine. Nyusi zake zilikuwa zikiisha, kuanzia pembeni kuja ndani, mpaka zikabaki vijistari viwili. Nilimchorea kwa penseli kila Jumamosi ili Jumapili aimbe kwaya akiwa na uso. Nywele za kichwani zilikuwa kavu, zikikatika kwenye kitana. Kwapani hakuwa na hata unywele mmoja. Ngozi ilikuwa laini na imepauka, yenye mikunjo midogo midogo kando ya mdomo, na wanawake wa kwaya walimuuliza anapaka nini. "Aki una ngozi ya mtoto, si utuambie ni mafuta gani," walimwambia, naye akawajibu, "Ni shida. Mjipake." Tulimwonea wivu ugonjwa wake, kwa sababu hatukujua ni ugonjwa.

Siku zake za mwezi nazo zilikoma tangu kujifungua. Aliniambia hilo kama mtu anayetaja kwamba redio imeharibika. Mchungaji alimwombea roho ya baridi imtoke. Wa kwao walimwambia amelogwa, na wa kwetu walisema Mungu anamwonyesha, kwa kuwa aliyemnyima mtoto maziwa hapewi mwingine. Mumewe alianza kwenda nyumbani kwao na kukawia, kisha akakawia zaidi, hadi tukasikia ameoa huko. Jirani alikunja suruali alizoziacha, akazitia kwenye mfuko na kumtumia kwa basi. Hakulia. Watu wakasema, si mliona?

Lakini alikuwa akicheka. Nisipolisema hilo nitakuwa nimemchora nusu. Alicheka kwa mabega bila kutoa sauti, na alipenda kunichokoza juu ya wateja wangu. Alikuwa akiniambia, "Nitapumzika nikichoka vizuri," na mimi nikimuuliza kuchoka vizuri ndiko kupi, alisema, "Kuchoka kwa mtu amefanya kitu." Kitu kimoja tu hakikuwa na utani kwake, nacho ni njahi. Kwenye harusi, kwenye matanga, popote alipopakuliwa njahi alisukuma sahani taratibu. Watu wa kwetu walidhani anadharau chakula chao.

Nekesa aliletwa mara moja likizo ya Agosti, akiwa msichana wa shule ya msingi mwenye magoti ya kuchubuka. Alimwita bibi yake Mama, na huyu wa kwetu alimwita Auntie. Hakuna aliyemfundisha vibaya. Mtoto humwita Mama yule anayempa chakula. Jirani alimnunulia viatu, akamleta kwangu nimsuke, akamtembeza Ruiru mjini hadi akarudi anapepesuka. Siku ya tatu walikuwa mferejini, mimi nikianika taulo, na mtoto akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Auntie, ni ukweli ulikataa kuninyonyesha?"

"Nani amekwambia?"

"Mama wa kule nyumbani. Alikuwa anaambia watu."

Jirani alifunga mfereji. Kisha akasema, "Twende ukunywe chai." Jioni, mtoto akiwa anacheza uani na wenzake, alikuja akaketi kwenye kiti changu ingawa hakuwa na nywele za kusuka.

"Sina jibu, Mama Salon. Nikimwambia sikukataa, ataniuliza, basi ilikuwa nini? Na mimi sijui ilikuwa nini. Sasa hata mimi naanza kujiuliza, labda nilikataa na sikujua."

Niliwasha draya, nikaizima.

Hilo ndilo lililomla, nami nililiona kwa miaka iliyofuata. Si mume wala majina. Alitaka mtoto wake ajue hakumkataa, na hakuwa na kitu cha kumwonyesha. Alimpigia simu kila Jumapili, wakaongea mambo ya shule na ya mvua, na kila mara simu ilimalizika kwa "Haya Auntie". Nekesa alikua, akawa wa sekondari, akaanza kujibu kwa maneno machache, halafu kwa ujumbe mfupi, halafu baada ya siku kadhaa.

Halafu Jirani akaanza kwenda chini. Ilikuwa Julai, akapatwa na homa iliyopita kwa sisi wote na kutuacha. Kwake haikutoka. Kliniki moja ya hapa Ruiru ilimpima damu, ikamwambia tezi yake ya shingo imelegea, ikampa vidonge. Kwa siku chache alichangamka, akafua mapazia. Kisha akaanza kutapika. Kazini wenzake walimwona akikimbilia choo asubuhi, na kufikia mchana sehemu nzima ya pasi ilikuwa imeshamtungia mimba na kuitafutia baba. Alianguka kando ya mashine, mvuke ukiendelea kutoka. Walinipigia mimi simu, kwa sababu namba ya dharura aliyokuwa ameandikisha kazini ilikuwa yangu.

Nilimkuta hospitalini Thika, drip mkononi, sweta wamemvua. Sikuwa nimewahi kumwona bila sweta mchana. Alikuwa mdogo sana. Daktari alikuwa msichana mwenye miwani, Mkikuyu wa huku kwetu kwa matamshi yake, na alikuwa na tabia ya kukaa kwenye kiti kabla ya kuuliza. Aliuliza kuhusu baridi. Aliuliza kuhusu usingizi. Akamtazama nyusi, akamwinua mkono na kumtazama kwapani, kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, ulizaa mara ya mwisho lini?"

Jirani akamwambia ni huyo mmoja tu, sasa ni msichana mkubwa.

"Ulitoka damu mingi?"

"Mingi. Nilizimia."

"Na mtoto ulimnyonyesha?"

Jirani aligeuza uso ukutani. Akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza, "Nilikataa."

Nilitaka kupiga kelele. Daktari hakushtuka. Aliuliza tena, polepole:

"Ulikataa ama haikutoka?"

Mgonjwa wa kitanda cha pili alikohoa, muuguzi akapita na toroli. Miaka yote ile watu walimwambia, walimsema, walimwombea. Hakuna aliyewahi kumuuliza kwa namna hiyo.

"Haikutoka," akasema.

Walimpima damu nyingine, wakampeleka kwenye mashine kubwa ya kupiga picha ya kichwa. Matokeo yaliporudi daktari alikaa tena kwenye kiti kile. Alisema kuna tezi inaitwa pituitari, iko chini ya ubongo, nyuma ya pua, na ndiyo inayotuma amri kwa tezi nyingine. Mama akiwa na mimba inavimba na kutaka damu zaidi. Akitoka damu nyingi wakati wa kuzaa, inaweza kukosa damu, ikafa. Ikifa, hakuna wa kuamrisha maziwa, wala siku za mwezi, wala joto la mwili, wala nguvu za kuamka. Wale wa kliniki hawakukosea kuona tezi ya shingo imelegea, ila walianza na vidonge vya pili, vya tezi hiyo, kabla ya vya kwanza, vya kuupa mwili nguvu. Walimhimiza akimbie mtu ambaye hana nguvu za kusimama.

"Na hiyo kitu ni kubwa aje?" Jirani akauliza.

Daktari alitafuta mfano, akauonyesha kwa ncha za vidole. "Ndogo tu. Kama punje ya njahi."

Jirani alianza kucheka. Alicheka kwa mabega kama kawaida, kisha sauti ikatoka, mara ya kwanza kuisikia, hadi drip ikatikisika na muuguzi akaja kuona kuna nini.

"Punje moja," akaniambia, machozi yakimshuka. "Mama Salon, umesikia? Nilikuwa nimekosa punje moja. Na wakanipea sufuria mzima."

Daktari alinitazama nimweleze. Nilishindwa. Nililia kuliko mgonjwa.

Maitu sasa ni mzee, anaishi shambani kwa kaka yangu. Nilikwenda kumweleza yote, na niliyaeleza kwa ukali, maana nilikuwa nimeyabeba njia nzima. Alisikiliza akiwa ameshika kikombe. Mwisho akasema, "Tungejuaje?" Nikamwambia mngeuliza. Akasema njahi zake lakini zilikuwa nzuri. Niliondoka nimekasirika. Mwezi uliofuata alimtuma kaka yangu na mfuko wa njahi kavu, mpya, zimepembuliwa hadi hakuna kijiwe, akasema nimpe Mama Nekesa. Alimwita hivyo hivyo, Mama Nekesa. Niliuficha mfuko ule chini ya sinki, nikaona aibu, nikampelekea. Jirani alipima uzito wake kwa mkono na kusema, "Sasa huyu ndiye ameomba msamaha." Akauweka kabatini.

Vidonge anavyo vya maisha. Vya kwanza anameza akiamka, na akipata homa lazima aongeze, na mtu wa karibu lazima ajue, kwa hiyo mimi najua. Nyusi hazikurudi zote. Usingizi umepungua, si kuisha. Kuna siku bado anakaa kitandani akitafuta miguu yake. Lakini siku moja alinijia mbio salonini, mteja akiwa na povu kichwani, akanishika mkono na kuuweka kwenye paji la uso wake. Lilikuwa na unyevu. "Ni jasho," akasema. "Ni langu." Wiki hiyo hiyo aliomba ahamishwe kutoka sehemu ya pasi kwa sababu joto limemzidi, na msimamizi wake hadi leo haelewi alimkosea nini.

Sasa alikuwa na jibu, na likamtisha kuliko kukosa jibu. Nekesa alikuwa amepata nafasi katika chuo kikuu, akakodi chumba cha hosteli Kahawa Wendani, karibu na hapa hivi kwamba angeweza kuja na kurudi kabla ya chakula cha mchana. Muhula mzima hakuja. Jirani hakutaka kumwambia kwa simu. Alikuja kufanya mazoezi kwenye kiti changu, akijitazama kwenye kioo: nitaanza na daktari, la, nitaanza na damu. Mwishowe alimwandikia msichana kwamba jirani yake ni msusi, anamwalika, nywele ni za bure. Msichana wa chuo hakatai hiyo.

"Akishakaa kwa kiti yako hawezi toroka," aliniambia. "Kichwa nusu itamshika."

Ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa. Niliweka kiti nje, kwenye ua, kwa sababu ya mwanga. Nekesa ni mrefu, ana paji la uso la mama yake, na simu haikutoka mkononi mwake. "Sasa, Auntie," alimwambia Jirani, akamkumbatia kwa bega moja. Nilianza kumsuka upande wa kushoto. Jirani aliketi mbele yetu kwenye kistuli akiwa na sinia mapajani, amemwaga njahi za Maitu anazichagua, ingawa hazikuwa na cha kuchaguliwa. Sweta ilikuwa imetundikwa mlangoni. Waliongea juu ya mvua, juu ya maji ya hosteli, juu ya Kukhu na mguu wake. Nilifika katikati ya kichwa na kumkanyaga Jirani kiatu.

"Nekesa, nipe mkono."

Msichana alinyoosha mkono bila kutoa macho kwenye simu. Jirani aliweka punje moja kiganjani mwake.

"Ni nini?"

"Ni kitu ilikufa siku ulizaliwa."

Simu ikashuka. Jirani alimweleza, na baada ya mazoezi yote yale alieleza vibaya, akianza mwisho, akirudi kwenye damu, akisahau jina la tezi. Lakini alifika. "Iko hapa ndani, ni kubwa hivyo tu. Ndiyo inatuma maziwa. Nilitoka damu mingi, ikakosa damu, ikakufa. Nilikuwa nakuweka kwa titi nangoja, na hakuna kitu inakuja. Sikukukataa. Watu walisema nilikataa hadi na mimi nikasema. Lakini sikukataa."

Nilikuwa nimeshika nywele zake, kwa hiyo nilijua kabla ya Jirani kujua. Shingo ilikaza. Ngozi ya kichwa ikawa moto chini ya vidole vyangu. Niliacha kusuka.

"Na mbona haukunifuata?" Nekesa akauliza.

Hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Jirani alitazama sinia. Angeweza kusema mengi: mama mkwe, mume, kazi. Angeweza kumtaja mama yangu, nami ningekubali.

"Nilikuwa nachoka," akasema. "Naamka nimechoka. Nikipanga safari, naketi kidogo nivae viatu, nalala. Najua hiyo si jibu."

"Si jibu."

"Najua."

Nekesa alisimama, kichwa nusu kimesukwa na nusu kimesimama wima, akaingia ndani ambako mkoba wake ulikuwa. Tukasikia zipu. Jirani hakugeuka. Alirudisha kwenye sinia punje zilizomwagika msichana alipoinuka, moja moja, huku akijikunyata. Jua lilikuwa limeshapita ukuta wa ploti na kivuli kilikuwa kimetufikia miguuni. Nilikuwa nimefungua mdomo kumwambia yule msichana maneno ambayo si ya Jumapili.

Akatoka. Mkoba hakuwa nao. Alisimama nyuma ya mama yake, akamtupia sweta ya kijani mabegani na kuivuta mbele ili imfunike vizuri. "Jua limeenda," akasema. Hakumwita Mama. Hakumwita Auntie pia. Kisha akarudi kuketi kwenye kiti changu, akainamisha kichwa nimalizie, na ule mkono wake wenye punje ulikuwa bado umefumbwa.